Jumatatu ya Mwaka wa Sabini na Mbili

Jumatatu tarehe 3 Januari mwaka 2000, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Praygod alifungua chumba cha kompyuta katika kiwanda cha nyavu cha Chang'ombe na kukuta mambo mawili yasiyopaswa kuwapo. La kwanza, mashine ilikuwa imekwisha kuandikiwa tarehe, na kwenye kioo palisomeka kwa maandishi ya kijani: JUMATATU 03 01 72. La pili, kabati la chuma lilikuwa wazi. Kufuli lilining'inia bila mkwaruzo, na kanda moja ya programu, ile aliyoifanyia kazi kwa miezi mitano, haikuwamo.

Alitoka mbio hadi koridoni, ilikowekwa printa kwa sababu ya makelele yake. Orodha ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuchanwa na kuchukuliwa, lakini nakala ya kaboni ilibaki. Ilikuwa na majina kumi na tisa. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili.

Mwaka mzima watu walikuwa wametishwa kwamba ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa: ndege zitaanguka, hospitali zitazimika, umeme utakatika. Watu wa Dar es Salaam, ambao umeme wao ulikuwa ukikatika bila kuhitaji msaada wa kompyuta, walisikiliza kwa adabu na kuendelea na shughuli zao. Mwaka ukaingia, na mabomba yaliyokuwa makavu yakabaki makavu. Basi ile hofu yote, kwa kadiri ilivyojulikana Temeke, ilikuja kutua ndani ya chumba kimoja cha Chang'ombe.

Saa tatu na robo alifika Sajenti Demetria wa upelelezi, mwanamke mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, mzaliwa wa Bukoba aliyekaa Dar miaka kumi na mitatu bila kuizoea. Meneja, Bwana Abdulrahman, alimpokea na jibu mkononi.

"Mkataba wa Praygod umeisha tarehe thelathini na moja," alisema. "Mie sikuwa nimeamua kumpa mwingine. Sasa angalia. Mashine imeugua na dawa imepotea. Nani atahitajika hapa, kama si yeye?"

Demetria alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine pamoja na mtuhumiwa.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alisema.

"Afande, hii mashine ni ya zamani, haina saa ndani," Praygod alisema. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na midomo ilikuwa imemkauka. "Kila asubuhi ikiwashwa inauliza: leo siku gani, tarehe ngapi. Unaandika siku, halafu tarehe, mwezi na mwaka, kila kimoja tarakimu mbili. Siku isipolingana na tarehe inakataa. Ikikubali, inatoa orodha ya waliopo kazini."

"Na mwaka huu ukiandika sifuri mbili?"

"Itadhani ni mwaka elfu moja mia tisa. Ndiyo ishu yenyewe. Walioitengeneza walizikata tarakimu za mbele kubana nafasi, wakaona elfu mbili iko mbali. Jumatatu yetu itaikataa, kwa sababu kwa hesabu yake tarehe tatu ile ilikuwa Jumatano. Hata ikikubali, sisi wote tutakuwa hatujazaliwa. Kanda iliyoibwa ndiyo dawa yake. Ningeipandisha leo."

"Ugonjwa huo unaweza wenyewe kuleta sabini na mbili?"

"Hapana, afande. Sabini na mbili imeandikwa na kidole cha mtu."

Jibu hilo lilimponza, kwa maana meneja alikuwa amesimama mlangoni na hakujua kidole kingine kilichozoea vibonye vile. Demetria aliuliza kwa nini orodha isitolewe kwa mkono. Meneja alitazama dari. Kadi za karatasi za watumishi ziliuzwa mwaka tisini na nne, majina yote yalipomalizika kuingizwa kwenye kompyuta, na kwa miezi kadhaa watu wa Temeke walikula karanga zilizofungwa ndani ya tarehe za kuzaliwa za wenzao.

"Na mnataka orodha ya nini hasa?"

"Wenye kiwanda wapya wanataka majina ya wote waliotimiza miaka hamsini na mitano kufikia mwisho wa mwaka," meneja alisema. "Hao wanaondoka. Orodha ilikuwa itoke leo."

Saa sita mchana Praygod alipelekwa kituoni. Mkuu wa kituo alimwambia Demetria kwamba Jumatano alasiri kijana atapelekwa mahakamani, labda aletwe mwingine. Siku mbili si nyingi, lakini Demetria aliwahi kupewa saa mbili.

Alianzia kwenye funguo. Ufunguo wa chumba na wa kabati zilikaa kwenye pete moja, na pete ilitundikwa ubaoni karibu na dirisha la kadi, pale getini. Mwenye dirisha alikuwa Bi. Chausiku Kondo, mama wa Kizaramo mwenye ushungi mweupe, aliyepokea kadi za mahudhurio tangu Demetria yuko shule ya msingi. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga kweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daftari la funguo hili hapa. Kila achukuaye pete namwandika, na saa yake."

Demetria alinakili. Ijumaa tarehe 31, Praygod, saa nane na dakika kumi mchana, akarudisha saa nane na dakika hamsini. Wilbert, afisa utumishi, saa tisa na dakika tano, akarudisha saa tisa na ishirini. Jumatatu tarehe 3, Polikarpo tarishi, saa moja na dakika kumi asubuhi, akarudisha saa moja na nusu. Kisha Praygod, saa mbili na robo. Mwandiko wote ulikuwa mmoja, wa duara, wa kuvutia.

"Kengele ya kazi inalia saa ngapi?"

"Moja na nusu. Nikishaisikia nafunga dirisha; mwenye kutaka funguo ananigongea. Mchelewaji anaingia kwa meneja."

Ukutani pembeni palikuwa na matangazo mawili. La kwanza lilihusu waliotimiza miaka hamsini na mitano. La pili lilisema kwamba kuanzia Januari, barua za mtu asiyekuwemo kwenye orodha ya siku zitarudishwa posta, ili sanduku la kiwanda lisitumiwe na wasiohusika. Demetria alilisoma mara mbili. Mjini humu barua haimfuati mtu mlangoni. Huja kwa sanduku la mwajiri wake, au la shule, au la kanisa. Yeye mwenyewe barua za mama yake kutoka Bukoba zilipitia sanduku la kituo, na kulikuwa na wiki alizokwenda kuliangalia mara tatu. Alimkumbuka mama yake pale pale, akaona haya kumkumbuka akiwa kazini.

Polikarpo tarishi alihojiwa akiwa amesimama, kwa sababu alikataa kukaa. Alikuwa na baiskeli na karibu miaka hamsini.

"Niliingia, nikafagia, nikabonyeza swichi ipate moto, nikafunga, nikarudisha funguo," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kuandika siandikagi. Mie na ile mashine tunaheshimiana."

"Orodha uliichukua wewe?"

"Ndiyo, afande. Nikiwa nafagia koridoni, printa ikaanza kelele. Saa moja na dakika arobaini, niliitazama saa. Nikasema Praygod kawahi leo. Nikachana karatasi, nikapanda baiskeli, nikaenda posta. Nikalinganisha barua na orodha kama tulivyoagizwa. Barua saba wenyewe hawamo. Nikazirudisha dirishani pale pale, zikagongwa mhuri."

"Hukushangaa orodha kuwa fupi?"

Polikarpo aligeuza kofia yake mkononi. "Si ndiyo walikuwa wanapunguza watu?" alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua siku yake imefika."

Saa moja na dakika arobaini, Praygod alidai, alikuwa Kinondoni kwenye foleni ya maji. Majirani wanne walikubali. Meneja alisema majirani wa mtu hukubali lolote, na katika hilo hakukosea sana.

Jumanne asubuhi ilikuwa zamu ya Wilbert, bwana aliyepaka nywele rangi nyeusi hadi masikioni.

"Ijumaa saa tisa na dakika tano ulifuata nini kwenye kompyuta?"

"Kalamu yangu. Niliisahau."

"Dakika kumi na tano?"

"Ni kalamu ndogo."

Demetria aliandika, akamtazama. "Bwana Wilbert, una miaka mingapi?"

"Ya nyumbani au ya kazini?" Wilbert aliuliza, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Yalitoka yote. Alizaliwa mwaka arobaini na tatu. Alikuwa amemwona Praygod akifanya kazi mara nyingi, akajifunza njia moja tu. Ijumaa ile, watu wakikimbilia nyumbani, aliingia na kujizaa upya mwaka arobaini na tisa.

"Umechukua na kanda?"

"Niichukue ya nini, afande? Mie ndiye niliyekuwa natamani orodha itoke kabla hawajagundua."

Lilikuwa jibu la aibu lakini lilikuwa na akili. Aliyekwisha kujipunguzia umri hana sababu ya kuizuia orodha, anaisukuma itoke. Demetria alilitia jina lake mabano, hakulikata.

Aliporudi kituoni mchana alikuta Praygod amekaa kwenye benchi la mahabusu na chupa ya chai miguuni.

"Umeletewa na nani?"

"Mama wa dirishani. Alikuja alfajiri kabla ya kazi. Chai na chapati. Mwenyewe amefunga." Praygod alifuta macho kwa mkono wa shati. "Alinishika kichwa, akaniambia nisamehe. Nikamwambia, mama, wewe umenikosea nini? Akaondoka."

Demetria aliiokota ile chupa. Kisha akasema chupa hiyo ataipeleka yeye.

Bi. Chausiku alikaa nyuma ya soko la Temeke, chumba kimoja na uwanja mdogo. Saa kumi na nusu alasiri alikuwa anamenya mihogo ya futari. Alimkaribisha mgeni ndani bila kuuliza kilichomleta, akaipokea chupa, akaitikisa kidogo kama kawaida ya mama yeyote anayetaka kujua kama imenywewa yote.

"Amekula?"

"Amekula vyote. Anasema umemwomba msamaha."

"Mtu mzima akiona mtoto wa mwenzake kafungwa, ataomba nini kingine?"

Chumba kilikuwa safi. Palikuwa na kitanda, kabati la vyombo, na bati la biskuti juu yake lililofungwa kwa utepe. Ukutani palining'inia kalenda kuukuu yenye picha ya nyavu na jina la kiwanda, kingo zake zimeliwa na mende. Ilikuwa ya mwaka 1972, imefunuliwa Januari, na tarehe nne za mwanzo zilikatwa kwa wino wa bluu.

"Hii umeihifadhi siku nyingi, mama."

"Walitupa kiwandani, zamani wakigawa. Mume wangu Sadallah ndiye aliyeitundika." Bi. Chausiku hakuiangalia. "Alikuwa fundi wa mashine za kusuka. Februari ya mwaka huo wakampeleka Ulaya akasomee mashine mpya, miezi sita. Funua Agosti, utaona alivyozungushia siku ya kurudi. Jumamosi tarehe kumi na mbili. Mei wakanipa mie kazi ya dirishani, nisikae na njaa mpaka arudi."

"Hakurudi?"

"Bado," alisema Bi. Chausiku, na kuendelea kumenya.

Demetria aliaga kabla adhana ya magharibi haijamkuta. Njia nzima hadi kituoni neno lile moja lilimkaa kifuani. Alikuwa ameshasikia watu wakisema hapana, wakisema amekufa, wakisema achana naye. Hakuwahi kusikia mtu akisema bado kwa miaka ishirini na minane.

Jumatano tarehe 5, saa nne asubuhi, watu sita walikuwa ndani ya chumba cha kompyuta: meneja, Wilbert, Polikarpo, Bi. Chausiku na kikapu chake, Praygod aliyetolewa mahabusu, na Demetria. Kiyoyozi kilivuma. Demetria alimweka Praygod kwenye kiti chake.

"Izime, iwashe. Leo ni Jumatano. Jaribu Jumatano, tano, moja, tisini na nne."

Praygod aliandika. Mashine ikakubali, na koridoni printa ikaanza kupiga kelele. Meneja alitoa jicho.

"Jaribu themanini na tatu." Ikakubali. "Sabini na saba." Ikakubali. "Sasa tisini na tano." Mashine ikakataa.

"Miaka ambayo siku zake zinalingana na za mwaka huu ni mingi," Demetria alisema. "Nimeitafuta jana kwa kalamu, imenichukua saa nzima, na hesabu si fani yangu. Praygod, ungetaka kuidanganya mashine, ungechagua upi?"

"Tisini na nne," Praygod alisema pasipo kufikiri. "Ni wa karibu. Ukirudi mbali, mashine itaona watu hawajaajiriwa. Si umeona? Sabini na mbili imebakiza kumi na tisa tu."

"Kwa hiyo fundi hakuandika sabini na mbili. Aliyeiandika hakupiga hesabu kabisa. Alikuwa na mwaka mmoja anaoujua, aliouona kwa macho kwamba Jumatatu yake inaangukia tarehe tatu." Demetria alifungua kijitabu chake. "Tuje kwenye funguo. Daftari lina majina matatu. Polikarpo alirudisha pete saa moja na nusu, na printa ilianza saa moja na dakika arobaini, yeye akiwa na ufagio koridoni. Wilbert alikwisha kumaliza dhambi yake Ijumaa, na meneja ataisikia baadaye."

Meneja alimgeukia Wilbert. Wilbert aliangalia viatu vyake.

"Praygod alikuwa Kinondoni. Basi kila aliyeandikwa hayumo. Nikajiuliza, ni nani anayeweza kuchukua pete bila kuandikwa? Ni mwenye kuandika. Mwenye daftari hajiandiki. Na saa moja na nusu kengele ikilia, dirisha linafungwa na yeye anakuwa huru."

Bi. Chausiku aliinama, akafunua kitambaa kwenye kikapu, akatoa kanda na kuiweka mezani taratibu mbele ya Praygod.

"Nimekuja nayo," alisema. "Jana ulipotazama ukutani, mwanangu, nilijua umeona. Na hata usingeona ningeileta. Sikulala toka walipomchukua huyu."

"Bi. Chausiku," meneja alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedanganywa na ukuta wa nyumba yake. "Miaka yote hii. Kwa nini?"

"Nilikuja kwako Desemba, Bwana Abdulrahman. Umesahau. Nilikuomba barua zangu ziendelee kuja hata mkiniondoa. Ukasema si wewe, ni kompyuta."

Meneja alikumbuka. Ilionekana usoni.

"Sadallah aliandika mpaka mwaka sabini na nne, kisha kimya," Bi. Chausiku aliendelea. Hakuwa analia, alikuwa anasema kwa utulivu, mikono juu ya kikapu. "Watu waliniambia kafa, wengine wakaniambia kaoa mzungu. Nikasema yote yanawezekana. Novemba mwaka jana ikaja barua. Mistari minne. Mie mzima, usinijibu kwa kuwa nahama hapa, mwakani mwanzoni nitakuandikia anwani mpya. Ataiandikia wapi? Nyumba tuliyokuwa tukikaa imevunjwa, mtaa umebadilishwa jina. Anwani anayoijua duniani ni sanduku la kiwanda hiki. Na mie Desemba nimetimiza hamsini na mitano. Jina likitoka, barua inarudi. Tena hatajua nilipo, wala mie sitajua alipo, na mara hii hatuna miaka mingine ishirini na mitano ya kungojeana."

"Ukaiba kanda," alisema Demetria.

"Ijumaa, baada ya Wilbert. Nilisema bila dawa orodha ya wazee haitoki. Lakini mashine ikigoma kabisa, hata orodha ya barua hakuna. Nikakumbuka Praygod alivyotueleza kantini, kwamba ukiiandikia mwaka wa nyuma inaendelea tu na kazi, haijui. Nikaenda nyumbani nikatazama kalenda. Siku zote zimelingana. Nikaona kama Mungu ameniwekea. Nilitaka mwezi mmoja. Mwaka ule hakuna aliyekuwa mzee kati yetu."

Praygod alikuwa amekunja uso. Alinyosha mkono, akachukua nakala ya kaboni ya Jumatatu iliyokuwa bado juu ya meza, akaipitia kwa kidole.

"Mama," alisema polepole. "Uliajiriwa Mei?"

"Mei, ndiyo. Ya sabini na mbili."

"Mashine iliandikiwa Januari."

Alielewa Demetria kwanza, kisha Bi. Chausiku. Aliichukua karatasi, akasoma majina yote kumi na tisa kutoka juu hadi chini, akarudia. Alikuwa ameufikiria uzee tu. Kuajiriwa hakukumjia akilini. Kwa hesabu ya mashine, Jumatatu ile Bi. Chausiku hakuwa amezeeka, ni kweli. Alikuwa hajafika kazini.

"Polikarpo," Demetria alisema, "zile barua saba. Mojawapo ilikuwa ya nani?"

Tarishi alikuwa ameiminya kofia mpaka imekuwa kitambaa. "Ilikuwa na stempu za nje," alisema. "Nililiona jina. Nikatafuta kwenye karatasi, halimo. Nikadhani mama wamempunguza na hajaambiwa. Nimempita dirishani siku tatu hizi siwezi kumwangalia. Ningeanzaje kumwambia?"

Bi. Chausiku alikaa chini sakafuni. Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Meneja alisogea dirishani, akakaa amewapa mgongo muda mrefu.

"Ilikuwa na anwani ya mtumaji mgongoni?" aliuliza Demetria.

"Haikuwa nayo, afande. Nyuma palikuwa patupu."

"Basi haina pa kurudi," alisema Demetria. "Simama, mama."

Sheria haikusahauliwa kwa sababu ya machozi. Meneja alisema aliyeiba ameiba, ingawa alilisema bila ari ya asubuhi, na hakutaja tena mkataba wa Praygod isipokuwa kumwuliza kama angeweza kuipandisha kanda leo hii. Saa saba Bi. Chausiku aliandika maelezo kituoni, akapewa dhamana, kwa sharti la kuripoti kila Ijumaa mpaka kesi itajwe. Wakati anatia sahihi, kule Chang'ombe printa ilikuwa inatoa orodha ya wazee, majina arobaini na moja, lake likiwa la tano. La Wilbert liliongezwa kwa kalamu.

Saa nane na nusu wanawake wawili walisimama mbele ya dirisha la posta. Karani alisema barua zisizo na pa kurudi huwekwa kwenye kikapu cha nyuma, na kikapu hicho hufunguliwa mwisho wa mwezi. Demetria alionyesha kitambulisho chake. Karani alienda nyuma, akakawia, akarudi na bahasha nyembamba ya bluu. Usoni ilikuwa imegongwa mhuri mwekundu, ukiwa umeegemea juu ya jina: HAYUPO.

Bi. Chausiku aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa kwenye benchi, akaifungua kwa ukucha ili asiichane, akasoma. Kisha akampa Demetria, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri.

"Chausiku," iliandikwa, "sijui kama ile ya Novemba ulipata. Sasa niko mahali hapa, anwani nimeiandika chini. Mguu mmoja haunisikilizi. Kuhusu miaka yote hii sina la kujitetea, wala sitajaribu kwa barua. Kama bado upo niandikie neno moja, nami nitatafuta njia ya kuja. Nikikaa mpaka mwezi wa tatu bila jibu nitaelewa, na sitakulaumu."

Demetria alisoma mara ya pili, kimya, na akawa anawaza Bukoba. Kisha alikwenda dirishani, akanunua karatasi na bahasha, akarudi na kumkabidhi mojawapo ya kalamu zake.

"Nitampa anwani gani?" Bi. Chausiku aliuliza. "Sanduku si langu tena."

"Tumia la kituo. Andika kwa mkono wangu, Sajenti Demetria. Si utakuwa unakuja kuripoti kila Ijumaa? Ukifika utaulizia na barua."

Bi. Chausiku alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka kidogo. Akaiweka karatasi juu ya kikapu. Pembeni juu aliandika Temeke, chini yake akaandika tarehe na mwezi, halafu kalamu ikasimama. Nje watu walikuwa wanaharakisha kununua vitu vya futari. Alifuta macho kwa ncha ya ushungi. Kisha akaandika mwaka, tarakimu zote nne, polepole, akashuka mstari, na kuanza: Sadallah, mie nipo.